Uchanganuzi wa tensa kwa masafa nikiwa Malindi: uzoefu wangu

Muhula uliopita nimemaliza yuniti ya uchanganuzi wa tensa na matumizi yake, somo la mwaka wa nne, nikisomea nyumbani Malindi kwa njia ya masafa. Chuo sikitaji. Yuniti yenyewe ina faida kubwa, ila imepangwa kinyume, na wengi huiacha kabla haijanoga.

Wiki za mwanzo ni fahirisi tupu, yaani viherufi vinavyobandikwa kwenye alama: za juu, za chini, na ile kanuni ya kujumlisha aliyoianzisha Einstein mwaka 1916 ili asirudie kuandika alama ya jumla. Tunaambiwa tensa ni kitu ambacho viambajengo vyake, yaani namba zinazoiunda, hubadilika kwa kanuni maalumu ukibadilisha mfumo wa majira-nukta (namba za kuonyesha mahali). Ni kweli, lakini mwanafunzi bado hajui tensa yafanya kazi gani. Video zinakula bando vibaya, na maswali tuliyomwandikia mhadhiri yalijibiwa tukiwa tumeshaingia mada nyingine. Hilo halikunipendeza, na nimewaandikia.

Kisha ikaja tensa ya mkazo, mambo yakafunguka. Mwanahisabati Mfaransa Cauchy aliifikia miaka ya 1820. Chukua nguzo ya gati: katika nukta moja ndani yake, nguvu inayopita kwenye kieneo kidogo hutegemea kieneo hicho kimeelekea wapi. Namba moja haitoshi, wala vekta moja. Zatakiwa namba 9, na kwa sababu ya ulinganifu zinabaki 6. Ukiipa tensa mwelekeo, nayo inakupa nguvu. Lau ningepanga mimi, hili lingekuwa somo la kwanza kabisa.

Niliyoipenda kuliko zote ni tensa ya metriki, ile inayopima umbali, tulipopewa zoezi la uso wa tufe. Hapa Malindi, nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, digrii moja ya longitudo ni karibu kilomita 111. Nenda hadi latitudo ya 60, digrii ileile inabaki nusu yake. Tofauti yote hiyo imo katika kiambajengo kimoja cha metriki! Kutoka hapo unapata alama za Christoffel, zinazotokana na jinsi metriki inavyobadilika toka nukta hadi nukta. Kwa tufe ziko 8, na 5 ni sifuri, kwa hiyo zote zinaenea karatasi moja. Zikokotoe kwa mkono, tafadhali. Kwenye nafasi-wakati yenye vipimo 4, tensa ya Riemann, inayopima mpindo, ina viambajengo 256, ingawa vinavyojitegemea ni 20 tu. Hapo utahitaji programu ya kompyuta, na asiyepitia tufe kwa kalamu hatajua programu imemletea nini.

Upande wa matumizi, noti zinafika kwenye nadharia ya Einstein ya uvutano ya 1915 na suluhisho la Schwarzschild la milinganyo yake, ambalo ndani yake mna shimo jeusi (lisilotoa hata mwanga), halafu zinakomea hapo. Nasikitika, kwa sababu mfano uko mlangoni kwetu. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya X angani, na vipimo vyake ndivyo vilivyowaelekeza wanaastronomia kwenye Cygnus X-1, chanzo cha miale ya X angani, kama shimo jeusi. Mwanafunzi wa Magarini au Malindi akiambiwa haya siku ya kwanza, zile fahirisi atazivumilia.

Naipendekeza kwa watu wa fizikia na uhandisi. Kabla ya kujisajili, hakikisha uko imara kwenye matriksi, kalkulasi ya vekta na kanuni ya mnyororo kwa vigeu vingi. Hiyo ya mwisho inatumika karibu kila ukurasa. Noti zichapishe mapema, stima hukatika. Na ukiweza, anza na mada ya mkazo kisha urudi kwenye fahirisi, hata kama ratiba inasema vingine.