Programu ya Axelrod, iliyojaribiwa Kibirizi

Kwa wiki tatu nimeitumia programu ya Axelrod, ambayo hupatikana bure na huendeshwa kwa lugha ya Python, kwenye kompyuta mpakato ya zamani niliyo nayo nyumbani Kibirizi, mjini Kigoma. Kazi yake ni kuwakutanisha wachezaji wawili wawili katika mchezo uitwao mtanziko wa wafungwa, ambamo kila mmoja hujali maslahi yake tu, na katika kila raundi huchagua kushirikiana au kusaliti bila kujua mwenzake amechagua nini. Wakishirikiana wote, kila mmoja hupata alama 3. Wakisalitiana, hupata 1. Na mmoja akimsaliti aliyeshirikiana, msaliti huondoka na 5 na mwenzake hubaki mikono mitupu.

Jina limetokana na Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Marekani, ambaye karibu na mwaka 1980 alizishindanisha kwenye kompyuta mbinu alizoletewa na wataalamu wenzake. Katika shindano la pili zilifika mbinu 62, na mara zote mbili ilishinda ile nyepesi ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, kisha rudia alichofanya mwenzako raundi iliyopita. Mimi huiita Nipe-Nikupe. Leo programu ina mbinu zaidi ya 200, na nyingi kati ya hizo nisingezijua bila kuiweka.

Wa kwanza kuonyeshwa alikuwa jirani yangu, mzee mwenye kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa, ambaye alikuwa na nafasi kwa sababu zilikuwa siku za mbalamwezi na wavuvi wa dagaa hawatoki. Nilimpambanisha Nipe-Nikupe na mbinu inayosaliti daima kwa raundi 200, na matokeo yakawa 199 kwa 204. “Sasa mwalimu, si huyo mwizi ndiye kashinda?” akauliza. Nikaendesha pambano la pili, Nipe-Nikupe kwa Nipe-Nikupe: 600 kwa 600. Mzee alinyamaza, kisha akaomba turudie lile la kwanza. Nipe-Nikupe haiwezi kumpita mpinzani wake katika pambano lolote, kwani haisaliti kabla haijasalitiwa. Ushindi wake hutoka kwenye jumla ya mapambano yote, na hilo linaeleweka haraka zaidi kwa tarakimu hizo nne kuliko kwa maelezo yoyote niliyowahi kuyatoa darasani.

Kipengele ninachokisifu zaidi ni kile cha kuingiza makosa, yaani kufanya uamuzi wa mchezaji ugeuke kwa bahati mbaya mara chache, tuseme mara 5 katika kila 100. Hapo Nipe-Nikupe wawili huharibikiana vibaya: mmoja akikosea, mwenzake hulipiza, naye hulipiziwa, na wastani wao kwa muda mrefu huelekea alama 2.25 kwa raundi badala ya 3. Mzee alicheka, akasema anawajua ndugu wawili wa aina hiyo, nyavu zao ziligongana mara moja tu.

Kuhusu ujifunzaji wa mashine, programu inakuja na mbinu zilizokwisha kufunzwa. Mashine huanza na mbinu za kubahatisha, ikabakiza zilizopata alama nyingi, ikazibadilisha kidogo na kuzishindanisha tena, kizazi baada ya kizazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, mbinu za namna hii zilishika nafasi za juu dhidi ya wapinzani zaidi ya 170. Ni kazi nzuri, lakini zinanipa mashaka. Zimejifunza, pamoja na mengine, kumnyonya asiyelipiza kisasi; tena ile iliyojengwa kwa mtandao wa neva bandia ni rundo la namba ambalo huwezi kulieleza kwenye mkutano wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ilhali Nipe-Nikupe husemwa kwa pumzi moja. Atakayetaka kufunza mbinu yake mwenyewe atahitaji programu nyingine ya pembeni.

Mwongozo ni wa Kiingereza. Intaneti huhitajika wakati wa kuiweka tu. Shindano la mbinu zote kwa pamoja liliishinda kompyuta yangu, na kosa hilo ni la umri wa kompyuta.

Upungufu wake mkubwa ulionekana nilipotaka kuzungumzia ziwa. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15, 2024, mvuvi wa hapa hakuwa akicheza na mtu mmoja anayemjua. Samaki anayemwacha leo anaweza kuvuliwa na yeyote, hata ng’ambo ya mpaka, na hawezi kumlipiza huyo mmoja bila kuwaumiza wengine wote. Programu hii imejengwa kwa mapambano ya wawili, haina ziwa la kugawana. Kwa darasa la kidato cha tano ninaipa nyota nne kati ya tano. Kwa kamati ya mwalo, mbili. Mzee, hata hivyo, ameniuliza mbalamwezi ijayo itaanza lini.