Kusogeza mara mbili, au kusogeza na kuchuja?
Tuseme kihisi cha kina cha maji hapa Mombasa, kwenye bandari ya Kilindini, kinaleta neno la biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1), na kipimo tunachotaka kukichomoa humo ni biti 13 zinazoanzia nafasi ya 7, tukihesabu kutoka kulia kuanzia 0. Njia ya kwanza ni kulisogeza neno kulia hatua 7, kisha kulichuja kwa 8191, yaani kubakiza biti 13 za mwisho kulia na kufuta nyingine. Ya pili ni kulisogeza kushoto hatua 12, ili biti za juu zisizotakiwa zidondoke, kisha kulia hatua 19.

Ya kwanza husomeka upesi, nami ndiyo ninayoiandika. Hata hivyo, katika maagizo ya msingi ya RISC-V, mojawapo ya familia za prosesa, agizo la kuchuja haliwezi kubeba ndani yake namba chanya inayozidi 2047, hivyo 8191 hulazimika kuundwa kwanza ndani ya rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) kwa maagizo mawili, na jumla huwa manne. Ndiyo maana kompaila nzuri, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya prosesa, huigeuza kuwa ya pili, yenye maagizo mawili tu. Tena, kipimo kikiweza kuwa hasi, kama maji yanapokupwa chini ya alama ya sifuri, katika njia ya pili kusogeza kulia kunakohifadhi alama ya hasi au chanya hutoa namba sahihi bila kazi ya ziada. Kwenye ARM ya biti 64, familia nyingine ya prosesa, kwa namba zisizoweza kuwa hasi, njia zote mbili huishia agizo moja la kuchomoa kundi la biti: ubfx.