Nimemaliza vipindi vyote 60 vya The Crown: uzoefu wangu, nikiwa na shosho kando yangu

Nilianza kuangalia The Crown, mfululizo wa Netflix kuhusu Malkia Elizabeth II wa Uingereza, kwa sababu ya kipindi kimoja tu. Mwenzangu katika chumba cha walimu aliniambia, "Wewe si ni mtu wa Nyeri? Kuna mahali wameonyesha kwenu." Jioni hiyo nikafungua Netflix, nikaegemeza simu kwenye thamosi ya chai na kumwita shosho, yaani bibi yangu, akae karibu. Miezi minne baadaye nilikuwa nimemaliza misimu yote 6.

Kipindi chenyewe ni cha pili katika msimu wa kwanza. Ni Februari 1952. Elizabeth, akiwa na miaka 25, amekuja Kenya na mumewe Philip kwa niaba ya baba yake, Mfalme George VI, ambaye ni mgonjwa. Kutoka hapa walikuwa waendelee Mombasa, ambako meli iliwangoja iwapeleke mpaka Australia. Usiku wa tarehe 5 walilala Treetops, kijumba kilichojengwa juu ya mti wa mugumo pale Aberdare, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huo mfalme alifariki usingizini huko Sandringham. Dunia nzima ilijua kabla ya binti yake, kwa sababu ujumbe rasmi ulichelewa na katibu wake akadokezewa na mwandishi wa habari. Wakati huo walikuwa wamerudi kwenye nyumba ya Sagana, ile waliyopewa na serikali ya kikoloni kama zawadi ya harusi.

Shosho alitazama kimya. Ndovu walipotokea, akasema kwa Kikuyu, "Huo si msitu wetu." Nikadhani ni macho ya uzee. Baadaye nilisoma kwamba sehemu hizo za Kenya zilipigwa picha Afrika Kusini. Mwanamke wa miaka 80 na ushei, aliyekulia karibu na Kiganjo, alijua kwa kuangalia miti tu.

Hata hivyo, kipindi hicho ndicho kilichonifunga kwenye mfululizo huu. Claire Foy, aliyeigiza Malkia katika misimu miwili ya kwanza, anafanya kazi kubwa kwa uso pekee. Analia kidogo, halafu unamwona akikusanya vitu vyake ndani kwa ndani, kama mtu anayekunja nguo kabla ya safari. Mwishoni kabisa bibi yake, Queen Mary, anaingia chumbani akiwa amevaa nguo nyeusi na shela jeusi usoni. Ametoka kufiwa na mwanawe. Anamwendea mjukuu wake polepole, halafu anapiga goti mbele yake. Hapo shosho alinishika mkono. "Bibi anampigia goti mtoto?" Alinitaka nirudishe nyuma aone tena, nikarudisha mara tatu. Kwetu mjukuu ndiye anayeinamisha kichwa ili apakwe baraka. Sijui maelezo gani ya darasani yangemwonyesha vizuri zaidi jinsi kiti cha enzi kinavyopindua nyumba.

Peter Morgan, aliyeutunga mfululizo huu, anajua sana kuandika juu ya watu wasioruhusiwa kusema kilicho moyoni. Ndio maana napendekeza muuangalie, hata ninyi msiojali habari za ufalme. Margaret anakatazwa kuolewa na Peter Townsend kwa kuwa mwanamume huyo alimpa talaka mke wake na mke bado yuko hai. Dada yake ndiye Malkia, na ndiye anayepaswa kumwambia hapana. Vanessa Kirby anaigiza hasira hiyo mpaka unatamani kuingia kwenye skrini umtetee. Churchill wa John Lithgow naye, mzee anayekataa kukiri kwamba amezeeka, anauma moyo anapoonyeshwa picha aliyochorwa na Graham Sutherland kwa siku yake ya kutimiza miaka 80.

Lakini kuna jambo linaloniuma, na nitalisema wazi. Msimu wa kwanza unatenga kipindi kizima kwa ukungu mchafu uliofunika London Desemba 1952. Ni kipindi kizuri, ingawa yule karani kijana wa Churchill anayegongwa na basi ni mtu wa kubuni. Sasa hesabu nyuma wiki chache. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, chini ya Malkia huyohuyo na Waziri Mkuu huyohuyo. Vipindi 60, na hakuna hata kimoja kilichotengewa vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni. Treetops yenyewe ilichomwa na Mau Mau mwaka 1954. Mwaka huo ndipo watu wa Nyeri walipoanza kuhamishwa kwa nguvu na kuingizwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki, wanawake wakilazimishwa kuchimba. Shosho alikuwa msichana mdogo akimbebea mama yake maji pale handakini. Tulipomaliza msimu wa pili aliuliza, "Na sisi watatuonyesha lini?" Nilinyamaza.

Waafrika wanapotokea, mara nyingi ni kama pambo la chumba. Angalia kipindi cha ziara ya Ghana, Novemba 1961. Ni kweli Malkia alicheza dansi na Kwame Nkrumah kule Accra, na picha ya siku ile ilizunguka dunia. Ila mfululizo unakufanya uamini kwamba dansi moja ilimtoa Nkrumah mikononi mwa Warusi. Mtu aliyekuwa akisaka fedha za kujenga bwawa la Akosombo, akipiga hesabu zake kati ya Washington na Moscow, hawezi kugeuzwa na muziki wa dakika tatu. Hapo nilikasirika kweli.

Kipindi ambacho sitakisahau ni cha tatu katika msimu wa tatu, wakati Olivia Colman ameshapokea nafasi ya Malkia. Kinaitwa Aberfan. Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi watoto wakiwa ndio kwanza wameingia madarasani, mlima wa taka za makaa ya mawe uliporomoka juu ya kijiji hicho cha Wales na kuifunika shule ya msingi. Watu 144 walikufa, 116 kati yao wakiwa watoto. Mimi hufundisha darasa la tatu. Tena naishi Nakuru, na nakumbuka Mei 2018 bwawa la Solai lilipopasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa wakiishi chini yake. Mwalimu kwenye skrini alipoanza kuita majina nilisimamisha simu, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikimalizia siku iliyofuata, mchana. Malkia alichukua siku nane kufika Aberfan, na kipindi hakimfichi. Kinamweka mbele yetu akijiuliza kwa nini machozi hayamtoki.

Msimu wa nne, wa Diana na Margaret Thatcher, ndio unaoshika kasi zaidi, na nilikesha nao usiku wa Jumamosi mbili. Baada ya hapo moto unapungua. Wa tano niliusukuma tu. Katika wa sita Diana anatokea baada ya kufa na kuzungumza na Charles ndani ya ndege, kisha na Malkia. Sikupendezwa nalo. Marehemu ana wanawe walio hai, na maneno yale yalitungwa mezani.

Kwa anayetaka kuanza: kila kipindi ni kama saa moja, na waigizaji hubadilishwa kila baada ya misimu miwili, kwa hiyo usishtuke ukiona Malkia ana sura mpya. Washa maandishi ya chini ya skrini, maana Kiingereza chao cha ikulu wanakitafuna. Ukitaka kujua kilichotokea kweli, tafuta vitabu vya historia, kwa sababu mazungumzo ya vyumbani yametungwa. Mimi naupa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeizuia kwa ajili ya handaki la Nyeri.

Shosho amegoma kuendelea zaidi ya msimu wa pili. Kila akija Nakuru huniomba kitu kimoja tu, yule bibi wa shela jeusi, na akifika pale pa kupiga goti huiweka kando bakuli yake ya uji.