Mchezo wa kubeba baa: anza na dhumna, bao liache nyumbani

Ukitaka kununua mchezo wa kucheza baa na washkaji, usianze kuuliza upi mtamu. Itazame kwanza meza. Meza za baa zetu ni za plastiki, ndogo, mguu mmoja umekalia kokoto, na juu yake kuna chupa nne, sahani ya nyama choma, kachumbari na simu za watu. Imelowa. Taa iko mbali, spika iko karibu. Na watu wenyewe hawatulii: huyu kaenda msalani, yule kapigiwa simu na nyumbani, mwingine ndiyo kwanza anafika. Mchezo usioyavumilia hayo utarudi kwenye begi kabla chupa ya kwanza haijaisha. Ninayo kadhaa ya namna hiyo kabatini.

1. Dhumna

Wengine mnaiita domino. Kwangu ni namba moja na sioni wa kuishusha. Vipande 28 vinaenea mfukoni, havilowi, havipeperuki. Mkiwa wanne mnagawana saba saba, wawili kwa wawili, mwenzako amekaa mkabala nawe. Mkono mmoja ni dakika chache, kwa hiyo aliyechelewa hasubiri sana. Halafu kuna ule mlio. Aliyecheza kwenye baraza za Unguja au Lamu anajua kwamba kipande hakiwekwi, kinapigwa, na kwenye baa yenye muziki hakuna wa kukulalamikia.

Dukani usilipe kabla hujafungua boksi. Mwaga vipande, vigeuze chali, tafuta vyote vyenye sita: viwe saba. Rudia kwa tano, kwa nne, mpaka mtupu. Kila namba hukaa kwenye vipande saba. Ukipata sita au vinane, seti hiyo imechanganywa, mrudishie. Kisha pitisha ukucha kwenye madoa. Yakiwa yamechimbwa, endelea. Yakiwa yamechapwa rangi juu juu, baada ya miezi michache utakuwa unacheza na vigae vya bafuni. Tazama na migongo kwenye mwanga, maana mgongo wenye mkwaruzo ni kipande kilicho wazi kwa mshkaji mwenye jicho. Vyenye kipini kidogo cha chuma katikati huuzwa ghali kiasi, ila ongeza hela uvichukue: wakati wa kuchanganya, kile kipini kinakiinua kipande na madoa hayasuguani na meza. Chukua vinene pia. Kinene kinasimama chenyewe, chembamba kinaanguka chali jirani akigusa meza, na wote wanaona ulichonacho.

Ubaya wake ni mmoja. Ukipoteza kipande, seti nzima imekufa. Mimi mbili-tano yangu ilipita kwenye upenyo wa sakafu ya mbao ya baa moja iliyojengwa juu ya maji, niliisikia ikiingia. Siku hizi nahesabu 28 kabla ya kuomba bili.

2. Karata, lakini za plastiki

Pakiti ya karatasi ni rahisi kama bia moja, na bia moja ikimwagika ndiyo mwisho wake. Tafuta za plastiki tupu. Muuzaji atakuapia kwamba zote alizonazo ni za plastiki, kwa hiyo mwombe upinde moja polepole mpaka ncha zikaribiane. Ya plastiki itanyooka kama haikuguswa, ya karatasi iliyopakwa itabaki na mkunjo. Akikataa usiipinde, umeshapata jibu.

Faida ya karata ni kwamba idadi ya watu haisumbui: wawili, watano, saba, mtacheza last card, wanne wenye hasira mtacheza arubastini. Angalia tu taa ya mahali mnapokaa. Chini ya taa nyekundu, kopa na uru hufifia karibu kufutika, zinabaki shupaza na pau peke yake. (Majina hayo manne, pamoja na turufu yenyewe, tulirithi kwa Wareno. Fort Jesus waliipoteza mwaka 1698, karata zao tunazo mpaka leo.)

3. Jenga

Huu una jina letu na wengi hawajui. Aliyeutengeneza ni Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika akizungumza Kiswahili, na aliupeleka sokoni London mwaka 1983 ukiwa na jina lile lile la kitenzi chetu: jenga. Vipande 54, ngazi 18 za vitatu vitatu. Unachomoa kimoja chini, unakipandisha juu, kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ushike glasi.

Usinunue wa dukani. Wa dukani ni mdogo, kwenye meza ya plastiki hauchukui raundi mbili. Nenda kwa fundi seremala, Keko ya Dar es Salaam kwa mfano, akukatie kwa mabaki ya mbao kavu. Kipande cha asili kina urefu wa sentimita 7.5, upana 2.5 na unene 1.5, mwambie azidishe mara mbili. Upana uwe theluthi kamili ya urefu, hapo asikosee, la sivyo mnara utaota mabega. Lakini unene usisawazishwe mno: tofauti ya nywele kati ya kipande na kipande ndiyo inayofanya kimoja kilegee na kingine kikwame, na hapo ndipo mchezo ulipo. Apige msasa, asipake vanishi. Mbao mbichi zikatae hata akikupunguzia bei, zitapinda.

Mezani usiuweke. Omba kreti tupu kaunta, ligeuze, weka kipande cha plaiwudi juu, jengeni hapo chini.

4. Drafti

Hapa hununui kitu zaidi ya ubao. Kete 24 utaziokota pale pale: vizibo 12 vimetazama juu, 12 vimelala kifudifudi, na kikipotea kimoja mhudumu anafungua kingine. Ningeiweka juu zaidi kama isingekuwa ya watu wawili. Wengine wote wanageuka makocha, na makocha wa drafti mnawajua. Kubalianeni sheria za kingi kabla ya kuanza, kila mtaa una zake.

Zilizobaki

Ludo ya karatasi haifiki wiki. Ukiipenda, chongesha ya mbao yenye ukingo, dadu zisiende chini ya meza ya jirani. Uno sina ugomvi nayo, ila ni karata tu zenye bei kubwa.

Scrabble nilinunua kwa tamaa na najuta. Ile ya Kiingereza ina vigae 100, na K ni moja tu. Moja! Jaribu kucheza Kiswahili hapo: umeshika A tatu na I mbili, kitenzi chochote unachofikiria kinaanza na ku-, na K ameshaichukua mwenzio. Wakati huo Z inalipwa pointi 10 kana kwamba ni herufi ya ajabu, mtu anaandika "zaa" anaongoza. Q na X mnazungushiana kama deni.

Keram hubebi, unaikuta mahali. Ubao wenye uwanja wa sentimita 74 kwa 74, pamoja na poda yake, si wa kupanda nao daladala.

Na bao, mfalme wa michezo yote hii, nunua lililochongwa vizuri, mashimo 32 yenye kina, komwe 64 zinazolingana. Halafu liache nyumbani. Kwenye namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, una kete 22 za kuingiza moja moja huku ukipiga hesabu ya nyumba (lile shimo maalumu) yako na ya mwenzako, na hiyo si kazi ya mtu aliye kwenye bia ya tatu. Komwe zikimwagika gizani kati ya viatu vya watu na mifupa ya nyama, utaokota 61.