Uzoefu wangu: kifaa cha kupima uvujaji wa hosi za intakula kwa upepo

Kwa hosi za intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, pampu inayosukuma hewa kwenye injini), kifaa hiki cha kusukuma upepo kinaishinda mashine ya moshi, ile inayojaza moshi ndani ya hosi ili utokee panapovuja, tena kwa mbali. Moshi husukumwa kwa presha ndogo, psi 1 hivi (psi ni kipimo cha presha) au chini yake, ilhali hosi ya turbo ya dizeli ikiwa kazini inabeba psi 15, 20, hata zaidi. Ufa wa raba hujifumba gari likiwa limetulia na moshi haupiti. Turbo ikishika, ufa huohuo unafunguka. Ndiyo maana gari linatoka gereji na jibu la "hakuna kinachovuja", kisha likipanda mlima wa Mazeras, nje ya Mombasa, na mzigo linakuwa zito na kutapika moshi mweusi.

Seti ina vizibo viwili vya alumini vya ngazi-ngazi, kimoja kina tundu la kuingizia upepo na kingine ni bubu, pamoja na regyuleta, geji na koki. Ngazi zinaanzia milimita 35 hadi 90, kwa hiyo pikapu nyingi za dizeli zinaingia bila kutafuta kizibo kingine.

Kabla ya kufungua chochote, chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kodi ya hitilafu P0299 inasema turbo haifikishi presha inayotakiwa, lakini haisemi kwa nini. Inaweza kuwa hosi, inaweza kuwa mipira ya vakyumu inayoendesha turbo, au vibawa vya turbo vimekwama kwa masizi. Washa swichi bila kupiga stata, usome sensa ya presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Hapa Mombasa, usawa wa bahari, inatakiwa ionyeshe karibu kPa 100. (Mwenzako wa Nairobi ataona 83 hivi na gari lake ni zima.) Ikiwa namba imepotoka, shughulikia sensa kwanza. Moshi mweusi nao una sababu yake: sensa ya hewa iko kabla ya turbo, inahesabu hewa yote, kompyuta inapeleka dizeli ya kutosha hewa hiyo, halafu sehemu ya hewa inatorokea njiani.

Napima kwa raundi mbili, injini ikiwa baridi. Raundi ya kwanza natenga injini: hosi inavuliwa kwenye mdomo wa kutokea wa turbo, inawekwa kizibo chenye tundu. Upande wa manifoldi inavuliwa pia na kuwekwa kizibo bubu. Sasa ni hosi na intakula peke yake, na geji inasema kweli. Jaza psi 5, zunguka usikilize, nenda 10, malizia 15, funga koki. Sindano ikishuka wazi ndani ya dakika moja, kuna mahali panavuja.

Vizibo visichukuliwe kwa mzaha. Kwenye hosi ya milimita 60, psi 15 inakisukuma kizibo kwa nguvu ya karibu kilo 30. Kaza klipu, kifunge kwa mkanda kwenye kitu kigumu, na usisimame mbele yake. Regyuleta ilegezwe kabisa kabla ya kuunganisha mpira wa kompresa, kwa sababu mtungi wa gereji una psi 100 na zaidi.

Raundi ya pili ni ya viungio ulivyovivua, ambavyo ile ya kwanza haikuvigusa. Rudisha hosi, weka kizibo kwenye mdomo wa kuingilia wa turbo baada ya filta ya hewa, na uzibe mpira wa kupumulia injini kama unaingilia hapo. Gia iwe huru, na spana isibaki kwenye puli ya kranki, maana upepo unaweza kusukuma pistoni. Fungua kifuniko cha kujazia oili ili presha isirundikane na kuumiza sili. Hapo geji haitatulia, kwani upepo unapita kwenye ringi za pistoni na kwenye shafti ya turbo, na kuusikia ukitokea kwenye mdomo wa oili ni kawaida. Ukiusikia kwenye ekzosi, zungusha kranki robo mzunguko. Upepo ukiendelea kutokea hapo, ishuku valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini).

Maji ya sabuni ya vyombo, mazito, ndiyo macho yako. Tundu dogo linajenga povu jeupe polepole, lipe nusu dakika. Tundu kubwa halitoi povu kabisa, linaitupa sabuni pembeni na kuacha mahali pakavu, na hapo ndipo wengi hupapita. Kagua chini ya hosi kwa kioo, mahali inapogusa breketi, na mshono ambapo tangi la plastiki limebanwa kwenye alumini ya intakula. Oili kidogo ndani ya hosi si ajabu. Vumbi lililogandamana na oili kwa nje linakuonyesha pa kuanzia. Kusi ikivuma, fanya kazi ndani, la sivyo husikii kitu.

Ukibadilisha hosi, silikoni tupu inapitisha oili taratibu na kulowa nje. Tafuta yenye bitana ya kuzuia mafuta. Klipu nazo, soma chapa: W2 ina mkanda usioshika kutu lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida, na chumvi ya hapa inaanzia kwenye skrubu. Chukua W4. Safisha bomba na ndani ya hosi kwa dawa ya kusafishia breki, klipu ikae nyuma ya tuta la bomba, si juu yake. Kaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa.

Kasoro za seti: geji inakwenda hadi psi 100, kwa hiyo 15 inabanwa pembeni na tone dogo halionekani. Nimeweka ya psi 30. Klipu zilizokuja nayo ni za kutupa. Nyota nne.

Pampu ya tairi ya volti 12 haitoshi kuiendesha kwenye raundi ya pili, inahitaji kompresa yenye mtungi. Mwenye gari moja anaweza kutengeneza chake kwa kofia ya bomba la PVC na valvu ya tubeless kutoka kwa fundi wa pancha, ila asipite psi 10, kwani PVC yenye upepo ikipasuka inaruka vipande.