Rangi ya Ekzosi: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Kabla hujashika kopo lolote, inama chini ya gari utazame ekzosi yenyewe. Igonge kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye maungio na chini ya sailensa. Bisibisi ikizama, usinunue rangi. Hapo panahitaji fundi wa kuchomelea kwanza. Na kama bomba ni la stenlesi, mara nyingi halihitaji kupakwa kitu.

Bomba likiwa bado zima, jiulize unapaka sehemu gani. Manifodi, pale moshi unapotoka tu kwenye injini, inaweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi gari likipanda mlima na mzigo. Kadiri unavyorudi nyuma joto linapungua, na sailensa ya mwisho kwa kawaida haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo kopo la bei kubwa kwa ajili ya sailensa ni kupoteza hela bure, na la bei ndogo kwa ajili ya manifodi ni kazi ya kurudia.

Ninayoiweka ya kwanza kwa watu wengi ni rangi ya silikoni yenye unga wa alumini, ile ya silva. Inahimili takriban nyuzi 600 hadi 650, inapakwa kwa brashi au kupulizwa, na inatosha kuanzia bomba la katikati hadi nyuma. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba rangi hii haikomai kwa hewa. Ikishakauka, ukikwaruza kwa ukucha inatoka. Inakomaa kwa moto: joto linaunguza sehemu ya gundi yake, na kinachobaki kinashikana na alumini na chuma. Silva ndiyo ninayoiamini zaidi. Nyekundu na bluu hufifia mapema.

Ya pili ni rangi ya kupuliza iliyochanganywa na seramiki, yaani unga wa kauri. Kwa manifodi na mabomba yaliyo jirani na turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi), hii ndiyo ya kwanza. Ila soma namba vizuri. Makopo mengi huandikwa kwa Farenhaiti, na 2000 iliyochapwa kwa herufi kubwa ni karibu nyuzi 1,090 za Selsiasi tu. 1200 ni karibu 650. Tena angalia kama namba hiyo ni ya joto la kudumu au la muda mfupi. Inayokuhusu ni ya kudumu.

Seramiki inayopakwa karakanani na kuokwa kwenye tanuri inazishinda zote kwa uimara. Nimeiweka ya tatu kwa sababu lazima ekzosi ifunguliwe yote, isafishwe kwa kupigwa mchanga, kisha isubiri zamu. Kama unajenga injini upya na mabomba yako nje tayari, chukua hii bila kusita.

Bandeji ya kuzungushia si rangi, lakini huuzwa rafu hiyohiyo. Inazuia joto kweli, ila hunyonya maji na kuyashikilia juu ya chuma, na bomba la chuma cha kawaida huoza ndani yake bila wewe kuona. Rangi ya kawaida ya silva, ya mageti na madirisha, iache kabisa: itaungua wiki ya kwanza. Praima ya kawaida, ile rangi ya msingi inayotangulia, nayo vivyo hivyo.

Hata hivyo, rangi nzuri inaharibiwa na maandalizi mabaya, na hili nililipata mwenyewe. Niliosha ekzosi ya pikipiki yangu kwa petroli, nikapaka mkono mmoja mzito, yaani tabaka moja nene, kesho yake nikaingia safari ndefu. Kwenye kona ya kwanza ya bomba, chini ya injini, rangi ilitoa malengelenge. Nilipobandua moja kwa kidole, chuma chini yake kiling'aa kwa mafuta. Petroli ilikuwa imeacha utando.

Kwa hiyo pamoja na kopo, nunua brashi ya waya, msasa na tina safi (kiyeyusha rangi). Toa kutu mpaka uone chuma cheupe, futa kwa tina na kitambaa kipya, kisha usiguse tena kwa mkono mtupu. Paka matabaka mawili au matatu membamba. Ikikauka, washa injini dakika kumi bila kuongeza mafuta, izime ipoe kabisa. Rudia kwa dakika ishirini, ipoe. Halafu endesha nusu saa. Kama kopo lina maelekezo yake, fuata hayo. Fanya kazi hii nje, maana moshi utakaotoka mara ya kwanza ni mkali na si wa kuvuta.

Na ukiwa unapuliza, funika sensa ya oksijeni, kile kifaa kilichochomekwa kwenye bomba kupima oksijeni ya moshi, kwa karatasi na utepe wa gundi. Rangi ikiiingia, utanunua sensa mpya, na hiyo mara nyingi ina bei kuliko kopo la rangi. Usisahau kuifunua kabla ya kuwasha.