Kompyuta ya gemu nzito Kampala: ipi ununue, ipi uache

Ukiingia maduka ya Kampala Road ukaulizia kompyuta ya gemu, kitu cha kwanza kuwekwa mezani ni laptopu yenye kibodi inayowaka rangi zote. Ipite kwanza. Kwetu kinachoamua ni umeme, vipuri na bando, na nikizipanga kwa hayo, naanza na kompyuta isiyo na mbwembwe yoyote.

1. Kompyuta ya mezani ya Windows, mtumba wa ofisini. Dell OptiPlex na HP EliteDesk zimejaa. Tazama prosesa: Intel kizazi cha 8 kwenda juu. OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 zimo. 7050 na G3 hazimo, hata muuzaji aape kwamba ni kitu kilekile. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma Oktoba 14, 2025, hizo za zamani haziungwi mkono rasmi na Windows 11, na Valorant, gemu ya risasi, kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (chipu na kinga za usalama za kompyuta) ndipo ikufungulie.

Kasha lifunguliwe mbele yako. Lile jembamba linapokea kadi ya picha (inayochora gemu kwenye skrini) fupi tu, na pawa saplai yake ni ndogo, ya umbo la kampuni yenyewe, hivyo huwezi kuipachika ya kawaida. Humo weka kadi ya GTX 1650 fupi isiyo na soketi ya waya wa ziada: inatumia wati 75 hivi, zote kutoka kwenye ubao mama. Ukitamani RTX 3060, ya wati 170, achana na OptiPlex nyembamba, uunganishiwe mashine kwenye kasha kubwa. Tafuta yenye RAM ya GB 16 tayari ndani, maana tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda bei vibaya, vituo vya akili unde vinainyakua. Na usilipe kwa kuonyeshwa skrini ya kuwakia tu. Gemu nzito ichezwe hapohapo mpaka feni zianze kuvuma. UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, ihesabu kwenye bajeti, si baadaye.

2. Linux, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, hasa Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi. Mimi naona kesho ya gemu inaelekea huku. Proton, programu ya Valve (kampuni yenye duka la gemu la Steam) iliyotoka 2018, huendesha gemu nyingi za Windows juu ya Linux. Steam Deck ikafuata 2022, na Novemba 2025 Valve ikatangaza Steam Machine ya sebuleni. Umeme ukikatika katikati ya mechi, Deck wala haishtuki. Ila mechi yenyewe si ya EA Sports FC, gemu ya soka: mfumo wake wa kuzuia udanganyifu unaikataa Linux, sawa na Valorant na Fortnite. Kama marafiki zako Jumamosi hawana kingine ila FC, basi rudi namba moja. Na ile 7050 uliyoikataa, ukiipata kwa bei ya kutupa, iwekee Linux.

3. Laptopu ya gemu. Inamfaa mwanafunzi wa Makerere anayehama hosteli na begi moja. Uliza wati za kadi, si jina tu: RTX 4060 ya laptopu hupangiwa kuanzia 35 hadi 115, na tofauti utaiona kwenye skrini. Kadi imelehemewa ndani, ikifa, umekwisha. Ikiwa kwa betri, kasi inashuka.

4. Mac. Chipu ni kali, nakubali, na Cyberpunk 2077 iliifikia Julai 2025. Lakini Apple hao hao walizima gemu za biti 32 mwaka 2019. Kama unayo kwa kazi ya video, cheza. Kuinunua kwa ajili ya gemu ni kupenda hasara.

5. Gemu za mtandaoni bila mashine: gemu inaendeshwa kwenye seva ya kampuni, wewe unaletewa picha tu. Seva nyingi ziko mbali, na intaneti yetu inasafiri nchi kavu mpaka pwani kabla ya kuiona bahari. Gemu za kusubiri zamu, labda. Za kulenga risasi, sahau.

Vyovyote utakavyochagua, piga hesabu ya bando: Baldur's Gate 3 peke yake inataka GB 150. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja kuhamishiana gemu, kwa hiyo ukishainunua, mtafute mwenye nayo akuhamishie.